Sensa ndogo za presha za kukamata mawimbi ya mshtuko kwenye kompresa: nimezitumia, haya ndo maoni yangu

Wadau, naona watu wengi wanauliza kama hizi sensa ndogo za presha za kufunga kwenye ganda la kompresa ya injini ya jeti (ile sehemu inayobana hewa) zinastahili hela yake, manake bei si ya mchezo, na ukiishika mkononi unaona kipande cha chuma chembamba tu chenye nyaya nyembamba kama nywele. Mimi nimezitumia kwenye kompresa ya majaribio ambayo ncha za bledi zake (zile panga zinazozunguka) zinakimbia kuliko sauti, nimezifunga, nimezitoa, nimezifunga tena sehemu nyingine, kwa hiyo naandika nilichokiona. Jibu la haraka: nunua, kama kazi yako ni kujua wimbi la mshtuko, yaani ule mruko wa ghafla wa presha pale hewa inapokimbia kuliko sauti, liko wapi na linachezacheza vipi. Ila ujue kabisa kwamba hapo umenunua nusu ya kipimo. Nusu nyingine ni tundu utakalotoboa, kebo, saa inayoendesha sampuli zako (vile vipimo vya papo kwa papo) na namna utakavyoisoma data, na hiyo nusu hakuna kiwanda kitakachokuuzia.

Nianze na kwa nini kazi yenyewe ni ngumu, manake bila hapo hutaelewa kwa nini nazisifia. Kwenye injini za jeti za kisasa, hasa hatua za mbele za kompresa, hewa inaingia ikiwa bado chini ya spidi ya sauti, ila bledi nayo inazunguka kwa kasi kubwa, ukichanganya mwendo wa hewa na mwendo wa bledi unakuta bledi inaipokea hewa ikiwa juu ya Mach 1, yaani juu ya spidi ya sauti. Chukua Rota 37 ya NASA (rota ni ile sehemu inayozunguka, yenye bledi), ile ambayo karibu kila mtu wa kompresa ameshajaribia nayo programu zake za kompyuta: ina bledi 36, inazunguka mara 17,188 na ushee kwa dakika, ncha ya bledi inakimbia mita 454 kwa sekunde na hewa inayoifikia hiyo ncha iko kwenye Mach 1.48 hivi. Hapo lazima mshtuko utokee, mbele ya bledi na ndani ya njia iliyo kati ya bledi na bledi. Mshtuko ulionyooka kwenye Mach 1.4 unaipandisha presha mara 2.1, na inapanda ndani ya unene usiofika hata mikromita moja. Afu huo mshtuko unazunguka pamoja na rota, kwa hiyo sensa iliyokaa kwenye ganda inapitiwa na bledi zote 36 mara 286 kila sekunde, piga hesabu unapata mipito kama 10,300 kwa sekunde. Geji ya kawaida iliyounganishwa na mpira mrefu itakupa namba moja iliyotulia tuli, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba presha ni kiasi fulani wakati mle ndani inapanda na kushuka mara elfu kumi kwa sekunde.

Sasa hizi sensa. Aina ninayoizungumzia ni ile ya silikoni, ina kiwambo kidogo sana ambacho juu yake kuna vipinzani vinne vilivyopangwa kwa mtindo wa daraja, presha ikikibonyeza kiwambo kinapinda kidogo, ukinzani unabadilika na volteji inabadilika. Msingi wake ni ule ugunduzi wa Charles Smith wa Bell Labs mwaka 1954, kwamba silikoni na jemani zikivutwa au kubanwa ukinzani wake unabadilika sana, mbali kuliko waya wa chuma wa kawaida. Ndo maana kiwambo kinaweza kuwa kidogo na kigumu na bado kikatoa ishara inayosomeka. Ndogo za kawaida zina kipenyo cha milimita 1.6 hivi, na masafa asili ya kiwambo, yaani yale ambayo kiwambo chenyewe kinatetemeka nayo kikiguswa, yanaanzia kama kilohezi 150 kwenda juu kutegemea rensi (kiwango cha presha inachoweza kupima), kiwambo kigumu kina masafa ya juu zaidi ila ishara yake ni ndogo. Kanuni ya mkono tunayotumia wengi ni kwamba uiamini mpaka kama moja ya tano ya masafa asili bila kufanya masahihisho, zaidi ya hapo uwe umeipima mwenyewe.

Nikiri wazi napenda sana namna zinavyoitikia. Mara ya kwanza ukiona mkondo wa volteji kwenye skrini, presha inashuka taratibu, inashuka, afu pap inaruka juu, mshtuko umepita, afu inafuata ncha ya bledi yenyewe, afu unaanza upya, bledi baada ya bledi, na ukitulia unaona kabisa kwamba bledi hazifanani. Kuna bledi ambayo mshtuko wake uko mbele kidogo kuliko ya jirani kila mzunguko, sababu yake tofauti ndogo za utengenezaji, pembe imepishana kidogo tu. Geji ya wastani haitakaa ikuonyeshe hicho kitu hata uikodolee macho mwaka mzima.

Ukizipanga sensa kadhaa kwa mstari kutoka mbele ya rota kwenda nyuma yake, halafu ukatumia triga, yaani ishara inayotolewa mara moja kwa kila mzunguko wa rota, unaweza kuchora ramani nzima ya presha kwenye ncha, kama vile mtu amekaa ukutani anaangalia bledi zinapita chini yake. Kwenye hiyo ramani unaona mambo matatu bila shida. La kwanza ni mshtuko wenyewe, mstari mkali unaotoka karibu na ncha ya mbele ya bledi moja na kukata njia mpaka kwenye mgongo wa bledi jirani. La pili ni bonde la presha ndogo linaloanzia ncha ya mbele na kukatiza njia kwa mshazari, hicho ni kisulisuli cha hewa inayovuja juu ya ncha ya bledi kupitia upenyo mdogo kati ya bledi na ganda. Upenyo wenyewe ni nusu milimita au chini ya hapo, ila madhara yake ni makubwa mno. La tatu ni pale vitu hivyo viwili vinapokutana, na hapo ndipo pa kukaa na kuangalia kwa makini.

Kisulisuli kikipita kwenye mshtuko kinapigwa na presha inayopanda ghafla, kinavimba, kinapoteza nguvu ya kwenda mbele, na kadiri unavyofunga vali ya nyuma ya kompresa presha ya nyuma inapanda, mshtuko unasogea mbele, unakuwa mkali zaidi na mwisho unajitenga na ncha ya mbele ya bledi. Eneo la hewa iliyochoka nyuma ya makutano yao linapanuka na kuziba sehemu ya njia. Yote haya unayaona hatua kwa hatua kwenye ramani za sensa za ukuta ule ule, unafunga vali kidogo, unarekodi, unafunga kidogo tena. Mimi nadhani hii peke yake inatosha kumfanya mtu anunue seti nzima, manake ndo inayokuonyesha kwa nini kompresa yako inaishia pale inapoishia na siyo baadaye.

Ila sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, manake naliona kila mahali. Watu wananunua sensa za haraka, wanarekodi data nzuri kabisa, afu wanapiga wastani wa mizunguko yote, wanatoa mchoro mmoja laini, na data ghafi wanaitupa. Wastani ni muhimu, sikatai, unaondoa kelele na kukupa picha ya kila bledi. Lakini kama mshtuko unatembea mbele na nyuma kati ya mzunguko na mzunguko, wastani unaupaka, unauonyesha kama mteremko mpana na mpole, na mtu anayesoma anadhani mshtuko ni dhaifu. Kumbe kila mara ulikuwa mkali, ni vile tu haukuwa sehemu ile ile. Kitu cha kufanya ni kuchora pia mtawanyiko, yaani kwa kila nukta unauliza presha inatofautiana kiasi gani kati ya mizunguko, na hapo mshtuko unaochezacheza unajitokeza kama utepe mkali, na eneo la kisulisuli nalo linajitokeza. Ukilinganisha ramani ya wastani na ramani ya mtawanyiko unajua kipi kimetulia na kipi hakijatulia. Ukitaka zaidi ya hapo nenda mzunguko mmoja mmoja, tafuta mahali presha inapopanda kwa kasi kuliko kote, andika nafasi yake, utapata historia ya mshtuko ukitembea, na hiyo historia unaweza kuitafutia masafa yake. Hii si kazi ya kitaaluma tu ya kujaza kurasa. Kama mshtuko unacheza kwa masafa yanayokaribiana na masafa asili ya bledi, bledi inatetemeka, chuma kinachoka, na bledi iliyokatika ndani ya injini ni hatari kwa watu. Kwa hiyo tafadhali sana, tunzeni data ghafi.

Nirudi kwenye sensa na hilo tundu nililosema. Sensa inatakiwa kiwambo chake kiwe sawasawa na uso wa ndani wa ganda, au karibu kabisa na hapo. Shida ni kwamba mafundi wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, manake bledi inapita chini ya milimita moja kutoka hapo na ikigusa sensa umeaga sensa na pengine bledi pia. Kwa hiyo wanairudisha nyuma ndani ya kitundu kidogo. Hapo hewa ndani ya kitundu inaanza kuimba yenyewe kama chupa tupu inayopulizwa mdomoni. Hesabu yake ni rahisi, kasi ya sauti gawanya kwa mara nne ya kina cha kitundu. Kina cha milimita 10 kwenye hewa ya kawaida kinakupa kama kilohezi 8.5, na kumbuka kwenye Rota 37 bledi zinapita kwa kilohezi 10.3, yaani kitundu chako kinaimba karibu pale pale unapotaka kupima. Milimita 5 inakupa kilohezi 17, bado ni pabaya manake harimoniki ya pili ya bledi, yaani mara mbili ya ile 10.3, iko kwenye 20.6. Milimita 1 inakupa kama kilohezi 85 na hapo unaanza kupumua. Kwa hiyo mtu akikuambia sensa yake ina masafa asili ya kilohezi 300, muulize imefungwa kwenye kina gani, manake hiyo 300 ni ya kiwambo peke yake na mfumo mzima unaweza kuwa umeishia kwenye 8.

Na hapa ndo nina malalamiko na muuzaji niliyenunua kwake, simtaji jina. Karatasi ya vipimo inaandika masafa ya kiwambo kikiwa wazi, ila sensa inakuja na kile kikinga cha chuma chenye vitundu mbele ya kiwambo, na kikinga nacho kina nafasi ya hewa nyuma yake, kwa hiyo kinakata masafa. Kikinga ni kizuri, kinazuia vumbi na chembe zisitoboe kiwambo, bila hicho sensa za kwenye kompresa ya wazi hazidumu. Lakini mteja anatakiwa aambiwe kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kwa kikinga hiki masafa yanayotumika ni haya, kwa kikinga kile ni haya, siyo mpaka uandike barua pepe na kujibiwa nusu nusu. Kama mnanunua, ulizeni hilo kabla ya kutoa oda. Kwa kazi ya mshtuko chukua kikinga chepesi kabisa wanachouza na ukubali kwamba baadhi ya sensa zitakufa.

Cheti cha kalibresheni nacho ni cha presha tuli, yaani wameiweka kwenye presha kadhaa zilizotulia na kusoma volteji. Hiyo ni sawa kwa unyoofu na unyeti, ila haikwambii chochote kuhusu kilohezi 50. Kama mnaweza kufika kwenye bomba la mshtuko, pelekeni sensa zikiwa zimefungwa kwenye kipande kile kile cha ganda, na kikinga chake na kitundu chake. Bomba la mshtuko linakupa mruko wa presha unaoujua kwa hesabu, mruko wa haraka kuliko sensa yenyewe, na jibu la sensa linakuonyesha kila kitu, inachelewa kiasi gani, inaruka kupita kiasi gani, inaimba kwa masafa gani. Ni kazi kidogo ukilinganisha na gharama ya kuendesha kompresa, na ukishaifanya hakuna mtu atakayekubishia mchoro wako.

Upande wa kurekodi, watu wanabana hela pasipotakiwa. Tuchukue tena ile Rota 37, mzingo wake kwenye ncha ni kama mita 1.58, gawanya kwa bledi 36 unapata milimita 44 kati ya bledi na bledi. Ukichukua sampuli 100,000 kwa sekunde, kati ya sampuli moja na nyingine ncha imeshasogea milimita 4.5, unapata nukta kama kumi kwa kila njia ya bledi, mshtuko unaangukia katikati ya nukta mbili na hujui uko wapi. Ukichukua 500,000 kwa sekunde unasogea milimita 0.9 tu na unapata nukta karibu 50 kwa kila njia, hapo ndo mchezo wa mshtuko wa milimita chache unaonekana. Data inakuwa nyingi kweli, chaneli 16 kwa spidi hiyo kwa baiti mbili ni megabaiti 16 kwa sekunde, karibu gigabaiti moja kwa dakika, lakini diski siku hizi siyo tatizo. Hakikisha chaneli zote zinachukuliwa kwa wakati mmoja, siyo kwa zamu, na weka filta ya analojia kabla ya kigeuzi, manake masafa ya juu ya nusu ya sampuli yakishaingia yanajigeuza kuwa masafa ya chini ya uongo na hakuna programu itakayoyatoa. Na triga ya rota iingie kwenye mfumo ule ule, kwa saa ile ile. Nimeona data za watu ambapo triga ilirekodiwa na mashine nyingine na kila kitu kimeteleza.

Kelele za umeme pia zipo. Ishara ya sensa ni milivolti chache chache, na mara nyingi kompresa ya majaribio inaendeshwa na mota kubwa yenye kidhibiti cha spidi kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ukilaza kebo ya sensa sambamba na kebo ya mota unarekodi mota. Ampilifaya iwe karibu na sensa, kinga ya kebo iunganishwe na ardhi sehemu moja tu. Hizi nyaya nyembamba zinakatika ukizitazama vibaya, kwa hiyo zifungwe mapema kwenye kitu kisichotikisika, zisiachwe zinaning'inia pembeni ya ganda linalotetemeka.

Kuhusu joto nina maoni mchanganyiko. Hatua za mbele hazina shida sana. Ila sifuri ya sensa inahama joto linapopanda, hata zile ambazo zimefidiwa kiwandani, na kama unategemea presha ya wastani kutoka kwenye sensa hiyo hiyo utapotea kidogo kidogo bila kujua. Dawa yake ni kuweka tundu la kawaida la presha tuli pembeni, uchukue wastani kutoka huko na mabadiliko ya haraka kutoka kwenye sensa, afu uyajumlishe. Pia rekodi sifuri kabla ya kuwasha na mara tu baada ya kuzima, kabla chuma hakijapoa. Kwa hatua za nyuma za kompresa ya injini kamili, ambako joto linapita nyuzi 500 za Selsiasi, sensa ya kawaida haiwezi kabisa, inabidi zile za silikoni juu ya kihami au uweke kifuniko kinachopozwa na maji, na kifuniko hicho ni kikubwa, kinachukua nafasi, kinakurudisha kwenye shida ile ile ya kitundu. Zile za fuwele za piezo zinavumilia joto zaidi na zina haraka nzuri, ila hazipimi presha iliyotulia, zinapima mabadiliko tu, kwa hiyo chagua ukijua.

Mtu ataniuliza kwa nini asitumie njia nyingine. Nazijua na baadhi nimezitumia. Waya moto, ule wa tangisteni wa mikromita 5, una haraka sana na unakupa kasi ya hewa, ila kwenye kasi hizi unachanganya kasi, msongamano na joto kwenye ishara moja na chembe moja ya vumbi inaukata. Leza inayopima kasi ya chembe imefanya kazi kubwa sana kwenye historia ya hizi rota, data nyingi za Rota 37 na Rota 67 zilizotoka NASA kule Cleveland ni za leza, na inaingia ndani kabisa ya njia ya bledi ambako sensa ya ukutani haifiki. Shida yake unahitaji dirisha na unahitaji kumwaga chembe kwenye hewa, na chembe zikipita kwenye mshtuko hazipungui kasi papo hapo, zinachelewa, kwa hiyo mshtuko unaonekana mpana kuliko ulivyo. Njia ya picha mbili za leza inakupa uwanja mzima wa kasi kwa mpigo mmoja, ni nzuri mno kwa macho na kwa fizikia, ila kwa mifumo ya kawaida unapata picha chache tu kwa sekunde, kila picha imetoka kwenye mzunguko mwingine, kwa hiyo huwezi kuufuata mshtuko ukitembea. Schlieren, njia ya kuonyesha kwa mwanga mabadiliko ya msongamano wa hewa, ambayo August Toepler aliianzisha mwaka 1864, bado ni mfalme kwenye safu iliyonyooka ya bledi zisizozunguka, manake unauona mshtuko kwa macho yako, ila inataka mwanga upite moja kwa moja kutoka upande hadi upande na kwenye rota kamili njia hiyo imezibwa na bledi na kitovu. Rangi inayong'aa kufuatana na presha ni nzuri kwa uso wa bledi wenyewe. Kwa kufuatilia kitu kimoja kwa muda mrefu bila kukatika, mzunguko baada ya mzunguko, sensa ya ukutani bado naiweka ya kwanza.

Na hapo nataka nizungumzie stolu, yaani pale kompresa inaposhindwa kusukuma hewa, manake ndo mahali ambapo huo ufuatiliaji mrefu unalipa. Kompresa haikupi taarifa mapema, unafunga vali kidogo na ghafla sehemu ya mduara inakufa, hewa haipiti, na hilo eneo linazunguka kwa spidi ndogo kuliko rota, kati ya asilimia 20 na 70 ya spidi yake. Emmons na wenzake walilielezea mwaka 1955: bledi moja ikizidiwa inasukuma hewa kwa jirani, jirani naye anazidiwa, na balaa linahamia kwa bledi inayofuata. Ubishi wa muda mrefu ulikuwa inaanzaje. Kuna njia ya mawimbi marefu yanayozunguka mduara mzima na kukua polepole, nadharia ya Moore na Greitzer ya mwaka 1986 inaielezea vizuri, na kuna njia ya mwiba, msukosuko mdogo wa upana wa bledi chache tu unaokimbia haraka na kuwa stolu kamili ndani ya mizunguko michache. Camp na Day mwaka 1998 walionyesha lini utegemee ipi. Sasa mwiba wa namna hiyo utaukamata na nini kama siyo sensa za haraka zilizozungushwa kwenye ganda zikiwa zimewashwa muda wote? Hujui utatokea sekunde gani wala upande gani. Mimi nashauri nusu ya sensa zako uziweke kwenye mstari wa mbele kwenda nyuma kwa ajili ya ramani ya mshtuko, na nusu nyingine uzizungushe kwenye mduara mbele kidogo ya rota, sita au nane, uone msukosuko unaanzia wapi na unaelekea wapi. Kwa kompresa yenye mshtuko unaona pia kwamba karibu na mwisho mtawanyiko wa mshtuko unaongezeka kabla ya mwiba, na hiyo inakupa matumaini ya kupata onyo la mapema kwenye injini halisi.

Uimara wake nauweka wastani. Sensa ikishapigwa na chembe haitengenezeki, unatupa. Ikipita mara mbili ya rensi yake uko kwenye bahati nasibu, na kwenye saji, pale hewa inaporudi nyuma na kishindo, presha inaruka kuliko ulivyopanga. Kwa hatua ya mbele inayofanya kazi kati ya bar 1 na 2.5 mimi nachukua rensi ya bar 3.5, inaacha nafasi ya kishindo na bado ishara inatosha. Muda wa kusubiri oda ni mrefu, wiki nyingi, na mtaalamu wao wa huduma anajibu vizuri kuhusu umeme ila kuhusu ufungaji anakuachia mwenyewe.

Nani asinunue? Kama unataka tu kujua kompresa inatoa presha kiasi gani na kwa ufanisi gani, hizi hazikuhusu, tumia vitundu vya kawaida na geji nzuri ya taratibu, utapata jibu sahihi zaidi kwa hela ndogo. Kama unataka kasi ya hewa ndani kabisa katikati ya njia, nenda kwenye leza. Na kama bajeti inakuruhusu sensa mbili tu, bora uzifunge mbele ya rota kwenye ganda zikiwa zimeachana robo mduara na uzirekodi kwa sampuli 500,000 kwa sekunde, kuliko kununua nane na kuzirekodi kwa kifaa cha zamani cha chaneli za zamu. Ukitoa oda, taja kikinga chepesi, taja rensi ya presha kamili (inayohesabiwa kuanzia utupu) ya bar 3.5, omba kebo fupi yenye kinga mpaka kwenye ampilifaya, na agiza za akiba pamoja na oda ya kwanza, manake ya kwanza kufa itakufa katikati ya jaribio.